Wifi Yangu na Namba ya Mlango Wake

Wifi yangu hakuwahi kukaa kwake. Alizaliwa kwa baba yake, akaolewa akapelekwa kwa baba mkwe wake, na mumewe alipofariki akarudi kwa kaka yake, ambaye ndiye mume wangu. Mtu akimwuliza anakaa wapi, alitaja mwanamume kwanza ndipo aelekeze njia. "Ukifika kwa seremala pita uani, utaona mlango wa bati. Ndiko niliko." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesema leo kuna jua.

Chumba tulichompa kilikuwa stoo ya mbao. Baba watoto alizihamishia mbao zake chini ya banda, nikafagia, tukaweka kitanda na meza ndefu. Nilidhani meza ni ya kulia chakula. Kumbe wifi alikuwa ameshaipangia kazi. Kesho yake aliifunika blanketi kuukuu, juu yake shuka nyeupe, akatoa kwenye sanduku pasi mbili za mkaa zilizofungwa kwa kanga, akaanza kutafuta nguo za watu.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Sina elimu kubwa, lakini macho yangu hayalali, na nimemwangalia wifi akipiga pasi kwa miaka mingi. Pasi moja ikianza kufifia anahamia nyingine. Haigusi nguo ya mtu kabla hajaipitisha kwenye kitambaa alichokipaka nta ya mshumaa, ili iteleze na isiache alama. Maji hunyunyiza kwa vidole, si kwa chupa. Anasema chupa haijui wapi pana kunyanzi. Kola anaanzia ncha, anakuja katikati. Mlango wake haufungi mchana, kwa sababu ya joto la mkaa, na majivu huyamwaga nyuma ya ukuta, kwenye uchochoro unaopita kati ya migongo ya nyumba zetu na migongo ya nyumba za mtaa wa pili.

Siku moja alikuja mkuu wa zahanati ya pale juu barabarani, mama mnene wa miwani, mwenye gauni lililonyooshwa na wifi. Walikuwa wameongeza wodi. Akakaa kwenye kigoda, akapapasa shuka iliyokunjwa, akaigeuza.

"Dada, kazi yako naipenda. Nataka shuka na sare zetu zote zije kwako. Bajaji italeta asubuhi na kuchukua jioni. Namba ya nyumba yako?"

"Weka ya kaka yangu."

"Hapana. Nilishampa kazi mtu wa kwa kaka. Mzigo ukapokewa na kaka, kaka akafunga mlango akaenda msibani, wagonjwa wangu wakalalia magodoro matupu. Mzigo unaachwa kwa mwenye namba. Wewe ukiwa na yako, njoo tuanze mwisho wa mwezi. Ukikosa nitatafuta mwingine, usinilaumu."

Alipoondoka wifi alisimama mlangoni muda, pasi mkononi, hata nikamwambia mkaa unaisha bure.

Ilikuwa kama bahati, maana wakati huohuo mji wetu ulikuwa unawekewa namba za nyumba upya. Tuliitwa kwenye ofisi ya mtaa, akasimama karani wa namba, mwanamume mrefu mwenye mifuko iliyojaa chaki. Watu walimbandika jina siku hiyohiyo: Bwana Chaki. Alieleza vizuri. Namba zinaanzia barabara kubwa kwenda ndani. Nyumba za kushoto zinapata moja, tatu, tano, na za kulia zinapata mbili, nne, sita. Kila nyumba namba moja, mbele, panapoonekana na mpita njia. Chumba cha uani kinachukua namba ya nyumba pamoja na herufi. Kwanza anaandika kwa chaki, mwenye malalamiko analalamika, kisha kibao cha chuma kinaletwa, kipigiliwe ukutani upande wa kulia wa mlango.

"Na vichochoro?" mtu mmoja aliuliza.

"Uchochoro wenye milango mitatu inayotumika, ya kaya tatu mbalimbali, unapewa jina, na vyumba vyake vinapata namba zake vyenyewe. Chini ya hapo ni uchochoro tu."

Nilimwona wifi akikunja vidole vyake vitatu kimoja kimoja.

Sasa, mtaa wetu una wajuaji. Kabla hatujafika majumbani maneno yalikuwa yameshabadilika: eti serikali inahesabu milango ili kila mlango ulipiwe. Basi watu wakaanza kuficha milango. Mama Pacha, jirani yetu wa upande wa kulia, alisukuma kabati la vyombo likaziba mlango wake wa nyuma, na wale mapacha wake wakalazimika kuzunguka nyumba nzima kwenda kutupa taka. Kinyozi, jirani wa kushoto, alikuwa ametangulia: kioo chake kikubwa cha kunyolea alikwisha kukifunga kwa skrubu juu ya mlango wake wa nyuma tangu zamani, ila sasa alijisifu kwamba aliona mbali. Mzee wa nyumba ya pembeni alipaka mlango wake rangi ya ukuta, akasahau kupaka kitasa.

Mtaa mzima unaziba milango, na katikati ya mambo hayo wifi yangu anakuja jikoni kuniambia anataka kutoboa ukuta.

"Ukuta upi?"

"Wa chumba changu. Nipate mlango wa kutokea uchochoroni."

Uchochoro ule siupendi. Una mtaro, na mvua ikinyesha maji yanapita kwa kasi. Jiko langu pia lilikuwa na mlango wa kutokea huko, lakini niliupigilia misumari mitatu mirefu siku ile kitinda mimba wangu, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alipotoka mwenyewe na kukutwa amekaa ukingoni mwa mtaro anachezea maji kwa mguu. Tangu siku hiyo sikuutaka hata mwanga wake uingie.

"Wezi, wifi," nikasema.

"Wataiba nini? Mashati ya watu yenye majina?"

Baba watoto ndiye aliyekasirika zaidi. Aliweka randa chini.

"Dada, watu watasema nini? Kwamba nimekuchoka, nimekutolea mlango wa uchochoroni kama paka?"

"Watasema seremala kamtengenezea dada yake mlango mzuri, kama ukiutengeneza mzuri. Ukiutengeneza vibaya, hapo sijui watasema nini."

"Nani kakuudhi hapa? Mke wangu kakuudhi?" Akanigeukia. "Umemwambia nini?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi nimesema wezi tu."

"Hakuna aliyeniudhi, kaka. Umenilisha, umenisitiri, Mungu akulipe. Lakini ninakaribia uzee na sijawahi kupigiwa hodi na mtu. Wanakuulizia wewe, kisha wananipitia mimi. Ukikataa nitatoboa kwa kijiko, pole pole, na vumbi lote litaingia kwenye chai yako."

Kaka mtu akajizuia, akashindwa, akacheka. Jumapili yake walitoboa ukuta. Mlango alioutengeneza ulikuwa wa mbao ngumu zilizobaki kwenye kazi ya mtu tajiri, wenye paneli nne, mzuri kuliko wetu wa mbele. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Si nilitaka watu waseme vizuri?"

Bwana Chaki alipopita, nyumba yetu aliiandika ishirini na saba. Akazunguka uchochoroni, akautazama mlango mpya, akaupapasa kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akaandika 27A.

"Hiyo herufi ya nini?" wifi akauliza.

"Huu uchochoro hauna jina, mama. Una mlango mmoja tu. Kwa hiyo wewe ni sehemu ya ishirini na saba."

"Na mzigo wangu ukija?"

"Unapokewa na mwenye ishirini na saba."

"Mimi sitaki kuwa mkia wa namba ya mtu," wifi akasema. "Nikikuletea milango miwili mingine?"

"Iwe inatumika. Nitagonga, na mtu afungue kutoka ndani. Nitarudi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nikimaliza hapo nahamia upande mwingine wa mji. Baada ya hapo herufi itakuwa imekaa."

Kuanzia siku hiyo wifi aligeuka mgombea wa uchaguzi. Alianza kwa Mama Pacha. Nilikuwa natwanga uani, ukuta wetu ni mfupi, nikasikia yote.

"Jirani, lile kabati lina uzito?"

"Sitaki kulipia mlango, mwenzangu."

"Nani kasema unalipiwa? Nimemwuliza karani mwenyewe. Namba ya mbele haiongezeki hata ukiwa na milango kama msikiti. Ila uchochoro ukipata jina, gari la taka litakuja mpaka nyuma hapa, kwa sababu linafuata njia zenye majina."

"Mpaka nyuma hapa?"

"Mlangoni kwako."

"Na nani atanisaidia kulisukuma kabati?"

Mama Pacha ana maneno mengi lakini habebi kinyongo. Kabati likatoka jioni ileile, na nyuma yake zikakutwa sahani mbili alizokuwa amewasingizia mapacha kwamba wamevunja. Aliwaomba radhi mbele yetu.

Kinyozi alikuwa mgumu zaidi. Wifi alimnyooshea mataulo yake yote ya kunyolea bila kumwomba chochote, akamrudishia yamekunjwa, kisha akasimama palepale akiyatazama.

"Wifi wa jirani, unanizunguka kama mbu," kinyozi akasema. "Sema."

"Ondoa kioo chako mlangoni, kihamie ukuta wa pili."

"Mwanga unaingia huku! Nikikihamisha nitamkata mtu sikio."

"Ukifungua mlango mwanga utaingia na kule. Utawakata masikio yote mawili sawasawa."

Watu waliokuwa wanasubiri kunyolewa wakaangua kicheko, naye akakubali kwa aibu. Akaahidi kukitoa kioo kabla ya Ijumaa.

Kwangu mimi wifi hakuja. Alimaliza mtaa wetu, akaenda mpaka kwa mzee wa kitasa, ambaye alikataa katakata, lakini jikoni kwangu hakuuliza neno. Tulikaa pamoja tunachambua mchele, misumari yangu mitatu iko pale nyuma yangu mlangoni, na yeye anazungumzia hali ya hewa. Nilijua kwamba anajua. Na nilinyamaza, kwa sababu nilisema moyoni kinyozi ameahidi, kwa nini nijitie wasiwasi wa bure.

Ijumaa ilifika na jua kali. Wifi alivaa gauni lake la kijani, akafagia uchochoro mzima kutoka barabarani hadi mwisho. Bwana Chaki alikuja mkoba begani, vibao vikigongana ndani. Akagonga kwa wifi. Wifi akafungua kutoka ndani, akasema, "Karibu," kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake.

"Mmoja," karani akasema.

Akagonga kwa Mama Pacha. Mapacha wote wawili walifungua kwa pamoja, wakamrukia miguuni.

"Miwili."

Akagonga kwa kinyozi. Kimya. Akagonga tena. Tukasikia sauti ya ndani.

"Nakuja! Kioo hakijatoka!"

"Kitoe basi!" wifi akaita.

"Nina mtu kitini, ana povu kidevuni! Nimeshamnyoa upande mmoja!"

"Uliahidi!"

"Niliahidi kabla ya Ijumaa, Ijumaa ikawahi kufika! Bisibisi yenyewe nimemwazima mtu!"

Bwana Chaki alifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama saa, akatazama mlango, akasema, "Mama, nikiandika mlango ambao haukufunguka, mkaguzi atakuja augonge, atakuta kioo, na wote wawili tutaonekana waongo. Ningekuwa na mmoja tu mwingine."

Wifi alisema, "Sawa, baba. Umefanya kazi yako." Akaanza kukunja mikono ya gauni lake, taratibu, kama mtu anayerudi kazini. Hakunitazama. Alitazama kila mahali isipokuwa dirisha la jiko langu, na mimi nilikuwa nimesimama palepale dirishani.

Kitinda mimba wangu, yule binti, alikuwa nyuma yangu. Siku hizi ananizidi kimo, na ana sauti ya mtu mzima.

"Mama," akasema, "mimi nimeshakua."

"Najua umekua."

"Basi mtaro hautanimeza."

Nikachukua nyundo ya baba yake, ile yenye kucha za kung'olea. Msumari wa kwanza ulikuwa umeshika kutu, ukapiga kelele hata kuku wakakimbia. Wa pili ulitoka kirahisi. Wa tatu ulikatika kichwa, nikausukuma mlango kwa bega, binti akasukuma kwa bega lake, na mlango ukafunguka kwa kishindo, tukaangukia uchochoroni mbele ya Bwana Chaki, mama na mwana, nyundo mkononi.

"Hodi," nikasema, kwa sababu sikujua niseme nini kingine.

"Hodi husema aliye nje, mama," akasema karani. "Huyu ni wa kaya gani?"

"Ishirini na saba," wifi akajibu haraka. "Yeye na mume wake na watoto. Mimi kaya yangu ni mbali. Napika peke yangu, chungu changu kile pale."

"Mlango huu unatumika?"

"Kuanzia leo," nikasema.

Akatutazama sote, akacheka puani. "Mitatu. Jina la njia?"

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mama Pacha akataka Njia ya Mapacha. Kinyozi, aliyetokea kwa kuzungukia mbele na wembe mkononi, akataka Njia ya Kinyozi, tukamzomea. Mteja wake naye alikuja na povu lake. Bwana Chaki alisema njia haipewi jina la mtu aliye hai wala kazi ya mtu mmoja, ipewe kitu kinachoonekana pale. Sote tukatazama chini. Ardhi ilikuwa nyeusi kwa majivu na makaa madogo ya miaka yote ile.

"Njia ya Mkaa," binti yangu akasema, na hakuna aliyebisha.

Wifi alipewa namba tatu. Namba moja karani aliiacha wazi kwa ajili ya chumba cha kunyolea cha kinyozi, siku mlango wake utakapopata bisibisi. Jiko langu halikupewa namba, wala mlango wa Mama Pacha, kwa kuwa namba za nyumba zetu zinakaa mbele tu, ndivyo sheria ilivyo, nami sikuhitaji.

Kibao kilikuwa cha bluu na tarakimu nyeupe. Wifi alikipigilia mwenyewe, katikati ya ule mlango mzuri wa paneli nne. Zahanati wakasema sawa, Jumatatu wanaleta. Jumatatu nilikuwa jikoni, mlango wangu wazi, jicho moja kwenye sufuria na jingine nje, maana woga hauishi kwa kung'oa misumari. Nikaona bajaji ikipita na mafurushi. Ikaenda mpaka mwisho, ikageuka, ikapita tena. Dereva anachungulia kuta.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Namba tatu, mama. Naona haipo kabisa."

Nikageuka kumwonyesha, nami nisiione. Mlango wa wifi ulikuwa wazi kama kawaida yake, umefunguka kwa ndani, na kibao kinautazama ukuta wa chumbani kama mtoto aliyeadhibiwa. Yeye mwenyewe yuko mezani anapepea mkaa, akijiuliza mbona mgeni hafiki.

"Wifi! Namba yako inakisalimia kitanda!"

Akatoka, akaangalia, akashika kichwa. Ndipo tukakumbuka Bwana Chaki alivyosema: ukutani, upande wa kulia, usawa wa macho, kamwe si kwenye mlango wenyewe. Dereva alishuka akatusaidia kukihamisha, akitumia jiwe kwa nyundo.

"Sasa," akasema akipangusa mikono, "mwenye nyumba yuko wapi nimkabidhi?"

Wifi alinyoosha gauni lake. "Unazungumza naye. Ingiza taratibu, usiburuze, hizo ni shuka za wagonjwa."

Mafurushi yalijaa chumba mpaka kitandani. Siku ile alipiga pasi hadi jua likatua, na jioni shuka zikarudi zahanati zimekunjwa, kona kwa kona.

Kitu kimoja tu kimenisumbua tangu hapo. Mlango wake wa bati wa kuja uani kwetu bado upo, hatua chache tu. Lakini siku hizi akitaka chumvi anatokea uchochoroni, anazunguka, anasimama mbele ya jiko langu lililo wazi, ananiona namwona, na bado anapiga hodi.

"Wifi, umezunguka kote huko kwa nini?"

"Majirani hupiga hodi," anasema. "Na wewe hujaja kwangu tangu Jumatatu. Au mpaka nikutumie bajaji?"

Nikafunika sufuria, nikamwambia binti aangalie moto, nikatoka kwa mlango wa jiko kwenda namba tatu.